Mwembe wa marehemu baba umeota uyoga shinani: tuukate au tuuache?

Shikamoo Bibi Miti,

Nakuandikia kutoka Tanga mjini. Uani kwetu kuna mwembe, dodo, ambao marehemu baba aliupanda mwaka 1971, mwaka niliozaliwa mimi. Kitovu changu kimezikwa chini yake. Mama yangu, ambaye sasa ana miaka 78, hutandika mkeka kivulini kila siku baada ya adhuhuri, achambue mchele au asinzie, na alasiri watoto wa jirani wakitoka madrasa hupita kwake kuokota maembe. Yaani huo mti ndio sebule yetu.

Mwaka jana mwezi wa tano tulichimba mtaro wa bomba la maji taka. Ulipita kama hatua tatu kutoka shinani, upande wa kusini. Vibarua walikutana na mizizi minene kama paja la mtoto, wakaikata kwa shoka, wakafukia. Sikuona neno. Mti ulizaa kama kawaida, tena mwaka huu umezaa mno.

Mvua za vuli zilipoanza, pakaota uyoga shinani, upande ule ule wa mtaro. Si uyoga laini wa mvua tunaoujua. Huu ni mgumu kama ubao, umekaa kama nusu sahani, juu una rangi ya kahawia inayong'aa kama umepakwa vanishi, ukingoni mweupe. Niliukongoa kwa panga, baada ya mwezi ukarudi, safari hii mitatu.

Halafu wiki mbili zilizopita, mchana wa jua kali, hakuna hata upepo wa kutikisa jani, tawi moja nene likakatika kwa kishindo likaangukia pale pale pa mkeka. Mama alikuwa ameingia ndani kuswali. Nilipokwenda kuangalia lilipong'oka, niliona gome limo ndani kwa ndani, limebanwa katikati ya mbao mbili, na mbao yenyewe imekuwa nyeusi. Kilichonitisha zaidi ni kwamba shina lenyewe nalo limegawanyika mawili kwenye kimo cha mtu, na kwenye panda hiyo kuna mstari mwembamba unaotoa maji meusi. Pembeni kuna tundu naweza kuingiza ngumi. Upande wa mtaro majani yamekuwa madogo na machache, na ncha za matawi zimekauka. Naona pia kama mti umeinama kuelekea kaskazini, kwenye jiko letu la bati, ila ndugu zangu wanasema ulikuwa hivyo tangu zamani. Waya wa umeme wa kuingia ndani nao umepita katikati ya matawi.

Sasa kila mtu ana lake. Kaka yangu anasema ukatwe mpaka kisiki, kabla haujaua mtu. Mama anasema atakayeugusa amzike yeye kwanza. Kijana mmoja mwenye msumeno wa mnyororo alipita akasema atatukatia kichwa chote, mti utachipua upya kama mchanga. Jirani ananishauri nimwage oili chafu shinani, inaua uyoga na mchwa. Mwingine anasema tundu lijazwe zege. Tena mti umejaa wale chungu wekundu wa maji moto, wameshona majani kila mahali, sijui kama na wao ni sehemu ya ugonjwa.

Nimeupima shina kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 260 kuzunguka. Nitajuaje kwamba mti umefika pa kuitiwa mtaalamu, na si kazi ya ngazi na panga? Na mtaalamu huyo ni nani?

Mwenye mwembe, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Mpe mama salamu zangu nyingi, na umwambie nimemshukuru Mungu kwa ile swala ya adhuhuri.

Kabla sijaeleza lolote, uhamishe mkeka. Leo, usingoje jibu la mtu mwingine. Watoto nao wasipite chini yake, na ikija mvua yenye upepo usiku, asilale mtu wala asipike mtu upande ule wa jiko. Mti ukianguka hulala kwa urefu wake wote, kwa hiyo simama mbali, ukadirie kimo chake, kisha utembee umbali huo kuanzia shinani: chochote kilichomo ndani ya duara hilo kimo katika hatari. Mti mbovu ulio katikati ya shamba tupu unaweza kuachwa ujifie taratibu, ndege wakae. Wako una jiko, waya wa umeme na mama mzee. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mtaalamu yeyote atakitazama, hata kabla ya ugonjwa wenyewe.

Sasa swali lako. Watu wengi wakitaka kujua hali ya mti hutazama juu, kwenye majani na matunda. Mimi nilifundishwa kuanza chini. Nikiwa msichana kazini kule Amani, Usambara Mashariki, tulikuwa tukipita katika ile bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, na mzee aliyetufundisha kazi hakuturuhusu kuinua macho mpaka tuzunguke shina zima tukiwa tumeinama. Alikuwa akisema mti mkubwa huanguka kutokana na mambo yaliyoko chini ya goti. Miaka yote niliyofanya kazi ya misitu sijaona sababu ya kumpinga. Mwembe unaweza kuwa kijani na kuzaa gunia kwa gunia huku mizizi ya upande mmoja imekwisha kabisa, maana sehemu ya mti iliyo hai ni ule ukanda mwembamba chini ya gome. Mbao ya katikati imekwisha kufa siku nyingi, kazi yake ni kubeba tu. Ikioza, majani hayana habari. Hata huko kuzaa mno mwaka huu kusikufariji: mti uliopata msukosuko wakati mwingine huzaa kuliko kawaida yake.

Kwa hiyo nianze na uyoga wako, kwa sababu katika barua yako nzima ndio ulionifanya niweke kalamu chini kidogo. Ule uliouona ni tunda tu. Mwenye tunda yuko ndani, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zimetambaa kwenye mbao ya mizizi na ya kitako cha shina na kuila. Mpaka tunda litokee nje, kazi ya ndani kwa kawaida imeshafanyika muda mrefu. Ndiyo maana kuukongoa kwa panga hakukusaidia, ni kama kuchuma embe ukidhani umeng'oa mwembe. Uyoga mgumu wa rafu, wenye vanishi juu na ukingo mweupe, unaoota shinani au juu ya mizizi, ni dalili ambayo haina mjadala: hapo unaita mtu. Usiukongoe tena, maana atakayekuja atataka kuuona mahali pake ulipoota, na atataka kujua kama upo upande mmoja au umezunguka.

Na upande ulipoota umenipa jibu la nusu. Tuhesabu pamoja. Mzunguko wa sentimita 260 ukiugawa kwa 3.14 unapata upana wa shina wa sentimita 83 hivi. Wanaotunza miti ya mijini wana kipimo cha kukadiria eneo la mizizi lisilotakiwa kuguswa: upana wa shina mara 12. Kwa mwembe wako ni karibu mita 10 kila upande. Mtaro wenu ulipita hatua tatu. Watu hudhani mizizi ya mti huenda chini sana kama kisima, lakini sehemu kubwa ya mizizi ya mti wa uani imo katika sentimita 60 za juu za udongo, imetandaa kama mkeka, mbali kuliko matawi yenyewe. Mtaro wa kina cha magoti unaikata mingi. Wale vibarua hawakuwa na ubaya, hakuna aliyewaambia. Ila ile mizizi minene kama paja la mtoto ndiyo iliyokuwa nanga ya mti upande wa kusini, na vidonda vyake vilivyofukiwa na udongo wa maji taka ndio mlango uyoga ulioingilia, au ulioutumia kumalizia kazi iliyokwisha anza.

Sasa tazama mambo yanavyopangana. Mti unaelemea kaskazini, kwenye jiko. Nanga iliyokatwa ni ya kusini, yaani kamba iliyokuwa ikiuvuta usilale. Na masika yakishaingia, upepo tunaoungoja pwani ni kusi, unaotoka huko huko kusini. Udongo ukishalowa mizizi inashikilia tope, kichwa cha mti kimejaa majani yaliyobeba maji, kisha upepo unasukuma kuelekea jikoni. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika ukanda wetu, kilikuta ardhi imeshashiba mvua za masika. Hakihitajiki kimbunga lakini. Usiku mmoja wa kusi wa kawaida unatosha kwa mti uliokatwa mizizi.

Kuinama kwenyewe, ndugu zako wanaweza kuwa wanasema kweli. Mti uliokua umeinama tangu mchanga hujirekebisha: shina hupinda taratibu na ncha hurudi kutazama juu, na udongo chini yake umetulia, una nyasi. Huo si wa kutisha. Wa kutisha ni mti ulionyooka ukaanza kuinama ukubwani. Nenda upande wa kusini, fagia majani makavu, piga magoti utazame ardhi. Ukiona ufa wa mviringo kwenye udongo, au udongo umeumuka kama kuna kitu kinachousukuma kutoka chini, au pengo kati ya mzizi na udongo ambamo kidole kinaingia, basi mti umeshaanza kutembea. Hapo familia ihame upande ule siku hiyo hiyo. Kama hakuna, simama mlangoni, mahali pamoja, piga picha kwa simu huku nguzo ya baraza ikionekana pembeni, na kila Ijumaa urudie hapo hapo. Macho yetu husahau, picha haisahau.

Ile panda nayo. Umeielezea vizuri kuliko maafisa wengi: gome limo ndani kwa ndani, limebanwa. Tawi lililokaa vizuri hufumana na shina, mbao kwa mbao, na juu ya kiungo utaona mkunjo wa gome uliotuna kama mdomo. Lakini vigogo viwili vikikua vimebanana kama herufi V, kila kimoja huvaa gome lake, na magome hayo mawili hayagandani kamwe. Kadiri vinavyonenepa ndivyo vinavyosukumana. Tawi lililoanguka bila upepo lilikuwa na kasoro hiyo, na kukatika mchana wa joto, hewa imetulia, ni jambo linalojulikana kwa miti mikubwa. Shina lako kuu lina kasoro ile ile, na mstari unaotoa maji meusi unaniambia kwamba ufa umeshafunguka na ndani mna uozo wenye maji. Usipande hapo kuchungulia. Usimpandishe mtoto wa mtu.

Ukitaka kufanya jambo moja kwa mkono wako kabla mtaalamu hajafika, siku ambayo hakuna upepo, chukua mpini wa jembe, uligonge shina ukilizunguka, kuanzia usawa wa kiuno ukishuka mpaka kwenye mabega ya mizizi. Gonga, sikiliza, sogea kiganja kimoja, gonga tena. Mbao nzima hujibu kwa sauti fupi na kavu, na mpini unakurudi mkononi. Palipooza sauti huwa bubu, kama unagonga gunia, na penye uwazi huvuma kama ngoma. Weka alama ya chokaa kila sauti inapobadilika. Ukimaliza utakuwa umechora ramani ya ugonjwa kwenye gome, na bwana miti, yaani afisa misitu, akifika atakushukuru.

Tundu peke yake lisikutie hofu. Mibuyu na miembe mingi mizee ina pango ndani na imesimama vizazi, kwa sababu bomba nalo hubeba. Kipimo kinachotumika ni kwamba ukuta wa mbao nzima uliobaki usiwe chini ya theluthi ya nusu ya upana wa shina. Kwako nusu ya upana ni sentimita 41, basi ukuta usipungue sentimita 14 hivi. Lakini hiyo ni kwa shina lililofunga pande zote. Lenye tundu ubavuni na ufa kwenye panda linahitaji zaidi ya hapo, na kulipima ni kazi ya mwenye vifaa na uzoefu.

Sasa niondoe yale yasiyo ugonjwa, maana nimeona miti mizima ikikatwa kwa sababu yake. Maji moto ni walinzi wako. Wanawinda wadudu wanaofyonza na kutoboa maembe machanga, na wakulima wanaowajua hawawaui. Wanauma, kweli, lakini mti hawaudhuru. Majani machanga ya mwembe yanayotoka mekundu na kuning'inia kama yamechemshwa, hivyo ndivyo yalivyo, yatakomaa. Unga mweupe kwenye maua ni ubwiri unga, na madoa meusi kwenye matunda mara nyingi ni chule: hayo mpelekee bwana shamba, yanakula mavuno lakini hayaangushi mti. Masizi meusi juu ya majani yanatokana na wadudu wanaodondosha utamu. Kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi na kuyanyonya, kikiwa kimoja viwili, kata tawi lililokibeba. Tawi dogo kavu unalolifikia ukiwa umesimama chini, msumeno wa mkono unatosha. Mpaka wangu ni huu: ukilazimika kupanda ngazi, au tawi likiwa nene kuliko mkono wako, au kukiwa na waya karibu, kazi si yako tena.

Oili chafu, tafadhali sana, isimwagwe. Haifiki alipo mwenye uyoga, inaua udongo na mizizi michache iliyobaki, na kwa ua wenye kisima ni sumu mtakayoinywa. Zege nalo lisitiwe. Mmarekani mmoja, Alex Shigo, aliyekuwa mtaalamu wa magonjwa ya miti katika idara ya misitu ya nchi yao, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno kutoka juu hadi chini ili aone ndani kunatokea nini baada ya kidonda. Aliyoyaona yalibadilisha kazi yetu. Mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu, unakizungushia ukuta na kukitenga, kisha unaendelea kuota nje yake. Ukikwangua uozo ili ujaze zege, unaubomoa ukuta ule. Mti ukiyumba, zege haliyumbi, basi linasaga. Rangi na lami juu ya kidonda nazo hazizuii uozo.

Lakini ninayemwogopa zaidi katika barua yako ni yule kijana wa msumeno. Nadhani anataka riziki tu na amefundishwa hivyo. Kukata kichwa chote kunaacha visiki vinene ambavyo mti hauwezi kuvifunga, uozo unashuka navyo. Kweli utachipua, tena kwa fujo, lakini machipukizi yale yameshikwa na ngozi ya juu tu, na baada ya miaka michache yamekuwa matawi mazito yasiyo na mzizi ndani ya mbao. Na mti wenye mizizi iliyokatwa unahitaji majani ili upate chakula cha kujenga mizizi mingine. Hata kwa mti wenye afya hatuondoi zaidi ya robo ya majani yake kwa mwaka.

Basi umtafute nani? Wawili, na usiwachanganye: wa kuutazama, na wa kuukata. Mwenye msumeno ukimwuliza kama mti ukatwe, jibu lake unalijua. Wa kutazama ni afisa misitu wa halmashauri yenu, bwana miti au bibi miti. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, waeleze kwamba mti una uyoga shinani, ufa kwenye panda, na unaelekea nyumba inayokaliwa na watu. Sema kwa maneno hayo hayo, usiseme tu “una ugonjwa”. Hapo hapo uliza habari ya kibali, maana kukata mti mkubwa mjini bila karatasi kunaweza kukuletea usumbufu. Mkikwama, Wakala wa Huduma za Misitu wana ofisi zao, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro ndiko wanakosomea wengi wa wataalamu hawa. Waya wa umeme, nenda TANESCO kwanza. Uzimwe au uondolewe ndipo mtu apande. Hilo halina njia ya mkato.

Nikuambie ninavyoliona kutokea huku mbali. Panaweza kupatikana njia ya kati: kupunguza uzito wa kigogo cha upande wa jiko, kuifunga panda kwa chuma au waya mzito, kuupa mti miaka. Nimeshafanya hivyo, na mti ukaishi. Lakini nikijumlisha uyoga, mizizi ya kusini na upepo wa kusi, sikufichi, naona uwezekano mkubwa mtaambiwa uondolewe, na uondolewe kabla ya katikati ya Machi. Kwa mti wenye afya ningesema msubiri muda unaofaa wa kupogoa, mara baada ya mavuno. Huu wenu hauna muda wa kusubiri, na bahati nzuri mavuno yamekwisha.

Wa kukata naye umhoji kabla hamjapatana bei. Mwulize atapanda na nini: unataka kusikia kamba, mkanda, kofia ngumu, na mtu wa chini wa kushusha matawi kwa kamba ili yasidondoke juu ya bati. Akija na viatu vya misumari kwa ajili ya kupogoa mti unaobaki hai, mkatalie, kila hatua ni kidonda. Mwulize tawi nene atalikataje. Anayejua atakwambia mikato mitatu: wa kwanza chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, usiofika hata nusu, wa pili juu, mbele kidogo ya ule, tawi linadondoka bila kuchana gome, wa tatu anaondoa kibaki, nje tu ya ile shingo iliyotuna tawi linapoungana na shina, bila kuacha kigingi na bila kuichonga shingo yenyewe. Akikuonyesha kwa kidole mahali shingo ilipo, huyo mpe kazi. Mpatane mapema pia nani anachukua magogo na nani anaondoa matawi. Utomvu wa mwembe unababua ngozi ya watu wengine na moshi wake unawasha, kwa hiyo majani yasichomwe uani na mama yupo.

Ikiwa bwana miti ataamua ubaki, basi kipindi cha kiangazi upeni maji ya kutosha mara moja kwa wiki, mbali na shina, kule mizizi iliko. Tandazeni majani makavu kimo cha kiganja, yasigusane na gome. Pasimwagwe sakafu wala kulazwa matofali, pasichomwe taka.

Na kuhusu mama. Usimpelekee habari ya msumeno kwanza. Mpelekee habari ya vikonyo. Upande wa kaskazini, ambao majani yake bado ni makubwa, kuna ncha za matawi zenye unene wa penseli na jicho lililotuna ambalo halijafumuka. Hizo zikikatwa urefu wa sentimita 10 hadi 15, zikafungwa kwenye kitambaa chenye unyevu na kubebeshwa, yaani kuunganishwa, siku hiyo hiyo kwenye miche ya mwembe, zitazaa dodo lile lile, maana ni mti ule ule unaoendelea, si mtoto wake. Bwana shamba au mwenye kitalu anayejua kubebesha atawafanyia. Fanyeni miche mitano sita, maana huenda isishike yote. Mmoja upandwe uani, mbali na mtaro na mbali na jiko, na mama ndiye atakayechagua mahali, akiwa na mkeka wake mkononi. Miche iliyobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu minne, wala haikui mirefu kama wa baba.

Vikonyo vichukuliwe kabla msumeno haujawashwa. Kisha uniandikie tena, uniambie mpini wa jembe ulilia vipi upande wa mtaro.

Bibi Miti